Mizani Kwenye Jalada

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya nikiwa nimevaa suti. Ilikuwa Jumapili ya mavuno kanisani kwetu, ile siku watu wanaleta mbele mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu na magunia ya viazi, kisha ibada ikiisha vyote vinapigwa mnada kwa ajili ya jengo ambalo haliishi kujengwa. Mwalimu mmoja aliyekuwa akihama alitoa vitabu. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya mbele, mahali nisipokaa siku nyingine, kwa sababu ya hiyo suti. Mpiga mnada akainua kitabu kinene cha Kiingereza ambacho jalada lake lilikuwa limechanika juu, jina halipo. Picha iliyobaki ilikuwa ya mizani ya kuning'inia, yenye uso kama wa saa na sahani chini yake, na mkono wenye glavu umeishika hiyo sahani.

Nikajiambia, hiki ni kitabu cha Karani, jirani yangu aliyekuwa mpimaji wa majani ya chai.

Nilishindana bei na mtu ambaye baadaye niligundua alikuwa akijikuna sikio. Nikamshinda. Kitabu chenyewe sikukifungua. Ningekifunguaje kama asiyejua kilichomo, mimi niliyefika kidato cha nne na kanisa zima linajua? Nikakipeleka moja kwa moja kwa Karani, nikampa kwa mikono miwili, nikamwambia, "Mzee, nimekuletea kitabu cha kazi yako. Ni mambo ya mizani."

Kilikuwa hadithi ya mauaji. Ukurasa wa kwanza tu, maiti ya mwanamke imelazwa kwenye meza ya chuma na daktari anaipasua. Ile mizani ilikuwa ya kupimia moyo. Na mzee niliyempa zawadi hiyo alikuwa amemzika mke wake baada ya kukataa apasuliwe, na kwa sababu hiyo binti yake wa pekee alikuwa akimsalimia miaka hiyo yote kama unavyosalimia mtu wa ofisini aliyekushikia faili lako.

Namwita Karani kwa sababu hakuna aliyemwita vingine. Alikuwa Karani akiwa kazini, akabaki Karani alipostaafu, na siku tulipomshusha kaburini, katikati ya michai yake, mchungaji alisoma jina lake la cheti na watu wakatazamana kuuliza ni nani huyo anayezikwa. Alikuwa akipima majani kwenye kituo cha chai juu ya Kianjokoma. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa miti, na huo ua ulikuwa na tundu la ukubwa wa kichwa cha mtu. Tundu hilo ndilo lililokuwa redio yetu.

Makarani wengine walikuwa wakipitisha mkono juu ya kikapu, wanachota majani kidogo, wanatazama, wanatundika kwenye mizani. Yeye alikimwaga. Kila kikapu, cha tajiri na cha mjane, alikipindua chote juu ya meza hadi yaliyokuwa chini yakawa juu. Alikuwa na maneno yake hapo, na aliyasema kwa upole kama anayekukaribisha chai: "Ya juu nimeona. Sasa nione ya chini." Chini ndiko watu walikoficha majani magumu, au yaliyonyeshewa ili yawe mazito, au yaliyochunwa jana. Hakumgombeza mtu. Alitenga mabaya upande mmoja kwa kiganja, taratibu, huku foleni nzima ikitazama, na huo utaratibu ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Mama Njeru, jirani yetu wa upande wa chini, alimwagiwa kikapu mbele ya watu na hakusahau. Alikuwa amechuna jioni, akafungia majani kikapuni usiku kucha, yakawa mekundu.

"Hii majani imelala," Karani akamwambia.

"Imelala na nani?" Mama Njeru akajibu, na foleni ikaanguka kwa kicheko.

Karani hakucheka. "Rudisha, mama. Upatie ng'ombe."

"Ng'ombe hali chai, Karani."

"Sasa unaona. Hata ng'ombe amekataa, na wewe unaletea mimi."

Mara ya pili hawakusemezana kabisa. Alikimwaga, Mama Njeru akakusanya yake, akaenda. Lakini wachunaji wale wale waliomlaani ndio waliomlilia alipostaafu, kwa sababu ya jambo moja: uzito wa gunia. Majani hupimwa yakiwa kwenye gunia, na ni lazima uzito wa gunia utolewe, na hapo ndipo watu wanaamini wanaibiwa mpaka leo. Yeye alilitundika gunia tupu peke yake, mbele ya macho ya yeyote aliyetaka, kila asubuhi na kila lilipolowa mvua. "Usilipwe gunia," alikuwa akisema, "na usinyimwe majani."

Hayo ni ya kituoni. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mwoga wa damu. Kuku wa Krismasi alikuwa akinipa mimi nichinje, na kwa kuwa mimi pia ni mwoga lakini sikutaka ajue, nilimpitisha kuku huyo kwenye tundu la ua la upande wa pili hadi kwa Mama Njeru, ambaye alimchinja bila hata kuacha kuzungumza. Mazishini ilikuwa vivyo hivyo. Sisi huku, kabla ya jeneza kufungwa, watu hupanga mstari kuutazama mwili. Karani hakuwahi kusimama kwenye mstari huo. Ungemkuta upande wa masufuria, anachochea kuni ambazo hakuna aliyemwomba achochee, mgongo ameuelekeza kwenye hema.

Mimi alikuwa akiniita mtu wa jiko. Mke wangu anafundisha shule katika mji wa Maua na huja nyumbani mwisho wa mwezi, na mimi ndiye ninayebaki na ng'ombe, kuku na sufuria. Maua nimeenda mara moja, nikarudi na homa, na tangu hapo tumekubaliana kwamba kusafiri ni kipawa chake. "Mtu wa jiko," Karani aliniita kupitia tunduni, "leo umepika nini?" Nikimwambia githeri, mahindi na maharagwe, alisema atakuja. Nikimwambia kabeji, alisema Mungu anisaidie.

Mke wake alianguka kati ya michai, kikapu kikiwa mgongoni. Alikuwa amelalamika tumbo wiki kadhaa, akinywa dawa za duka. Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya maziwa, na tulipofika daktari alitutazama sisi badala ya kumtazama yeye, tukaelewa. Daktari yule alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema hajui kilichomuua, na akaomba ruhusa wamfungue waone. Wawira, yule binti, alikuwa tayari ameajiriwa ofisini mjini Embu, na alikuja na viatu vya ofisi. Akasema, "Wamwangalie, Baba. Tujue."

Karani akasema, "Ataenda nyumbani vile alivyo."

Akaulizwa tena, akasema hivyo hivyo. Wazee wakamsifu kwa kumheshimu mkewe. Kamati ya mazishi ikafurahi kwamba siku haitasogezwa. Tukazika. Wawira alilia hadi sauti ikakauka, na sauti ilipomrudia haikuwa ile aliyokuwa akizungumza nayo na baba yake.

Hakumsusia. Labda angemsusia ingekuwa rahisi. Alikuja kila sikukuu na mkate na sukari, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, mkoba juu ya mapaja, akauliza habari za ng'ombe, akaondoka kabla ya mvua. Siku moja nilikuwa nimepeleka maziwa nikawakuta wamenyamaza, na nikiwa bado mlangoni nilimsikia akisema, bila kupandisha sauti, "Hata mimi tumbo linaniuma siku hizi. Daktari akaniuliza mama yangu alikufa na nini. Nikamwambia sijui. Kama mtoto wa kuokotwa." Karani aliangalia mikono yake. Mimi niliangalia maziwa yangu, nikarudi nayo nyumbani, nikasahau kuyaacha.

Ndiyo nyumba niliyoipelekea kitabu cha mizani.

Baada ya siku chache tundu likaniita.

"Mtu wa jiko. Hii kitabu umesoma?"

"Kidogo, mzee."

"Kidogo wapi?"

"Jalada."

"Njoo."

Alinieleza kilichomo. Nilitaka ardhi inimeze na suti yangu. Nikamwomba msamaha, nikanyoosha mkono nichukue kitabu, yeye akakiweka chini ya paja lake. "Ukishampa mtu kitu, umempa." Kilikuwa tayari na jalada jipya: alikuwa ametoa karatasi ya kalenda ya duka la mbegu, akaigeuza upande mweupe nje, ili akina mama wa kanisa wakija kusali wasione ule mkono wa glavu. Alisomea dirishani baada ya chakula cha mchana, midomo ikitembea, kijiti cha kiberiti kikiwa alama ya alipofika. Na kila alasiri alinipa ripoti.

Ripoti zenyewe zilikuwa ugomvi. Kwanza, yule mwanamke aliyeuawa hakuwa na watu. "Nimefika ukurasa wa themanini," alisema, "na hakuna mtu amekuja kwao. Hakuna mtu ameleta maji, hakuna mtu ameenda kuambia wajomba. Anakufa kama mbwa wa barabara, halafu wanasema ni nchi tajiri." Pili, yule daktari, mwanamke shupavu asiyelala, alikuwa akimaliza kupasua anakula mkate palepale. Karani alilala na njaa siku hiyo, nikajua kwa sababu hakuuliza nimepika nini. Tatu, na hili lilimuudhi kuliko damu yote, ni mizani.

"Ameweka ini kwenye sahani, akasoma uzito, akaandika. Uzito wa sahani hakutoa."

"Labda mizani ilikuwa imerekebishwa, mzee."

"Iandikwe basi. Mimi nitajuaje?"

Nilimwambia akiache kama kinamuudhi. Akanitazama kama nimemletea majani mekundu. Huwezi, alisema, kuacha mtu mezani.

Kwa maana alikuwa akimpenda pia yule daktari. Alipenda kwamba hamdanganyi mtu. Alipenda kwamba anamwita marehemu kwa jina anapomshika, hata kama hakuna anayesikia. "Huyu mama angekuwa karani mzuri," alisema siku moja, na sikuwahi kumsikia akimpa mtu yeyote sifa kubwa hivyo, mchungaji akiwamo. Lakini kesho yake amekasirika tena: kitabu kinadanganya mahali pamoja, akasema, mahali pakubwa. Ndani yake kila kitu kinapatikana. Unyoya, vumbi la kiatu, sumu ya miaka mingi. Wakitafuta tu, wanapata. "Hapa kwetu mtu anaweza kutafuta na asipate. Hiyo hawaandiki." Alisema hivyo akitazama michai, upande ule wenye kaburi, na sikujua kama anakilaumu kitabu au anajitetea.

Kisha ripoti zikakatika. Tundu likanyamaza. Nilichungulia nikamwona amepanda ngazi anapogoa mti wa mparachichi ambao haukuhitaji kupogolewa. Nilidhani ni mgonjwa. Nilimpelekea githeri bila kuitwa, akala nusu, akasukuma sahani.

"Wanashona," alisema.

"Nani?"

"Hao madaktari. Wakimaliza, wanashona. Huyu ameshona yule mama, sindano kwa sindano, akamwosha nywele, akamfunika mpaka hapa." Akaonyesha kidevu. "Ukimwona huwezi kujua."

Nikasema ndiyo, nadhani wanashona.

"Ulikuwa unajua?"

"Nadhani kila mtu anajua, mzee."

"Mimi hakuna mtu aliniambia kwamba wanashona."

Hapo ndipo nilipomwelewa, baada ya kukaa naye ua kwa ua miaka yote hiyo. Haikuwa mila, wala heshima, wala ile kamati na siku yake. Alikuwa amefikiri watamrudishia mke wake akiwa wazi, kama mbuzi wa sikukuu, na mstari wa watu upite pale. Mtu aliyekaa upande wa masufuria maisha yake yote angejuaje? Na kwa sababu wazee walimsifu mapema, alishindwa kuuliza. Tangu lini anayesifiwa kwa ushujaa akasema alikuwa akiogopa?

"Mwambie Wawira," nikasema. "Mpigie simu."

"Hii si ya simu."

"Basi akija."

"Nitaanzia wapi, mtu wa jiko? Niseme nini? Ati nilikuwa mjinga?"

Ujinga ni jambo ninalolijua vizuri, nikamwambia, mtu huanza tu, mengine yanakuja yenyewe. Hakucheka.

Alikuja Wawira wiki ya Krismasi, na mkate na sukari. Nikaitwa kupitia tunduni, jina langu kamili, nikajua ni jambo. Nilimkuta amekaa kiti chake cha mlangoni, mkoba mapajani, amekonda. Karani alikuwa ameshika kile kitabu chenye kalenda.

"Miwani yangu imeharibika," akaniambia. "Nisomee hapa, palipo na kijiti."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati, vishikio vyake vinaonekana. Nikachukua kitabu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na kidato cha nne ni zamani. Nilijikwaa neno la tatu, Karani akanisahihisha bila kutazama, nikajikwaa tena, akanisahihisha tena, na Wawira akacheka kidogo puani, ile ya kucheka mtu. Nikaendelea. Daktari akachukua sindano. Akaanzia chini. Nilipofika mahali anaposhika beseni la maji ya nywele, hakuna aliyekuwa anacheka.

"Baba," Wawira akasema. "Kwa nini unanisomea hii?"

"Sikujua wanashona."

Akamtazama.

"Daktari akisema wamfungue," Karani akasema, "mimi nilijua wanafungua tu. Nilidhani watanipatia mama yako akiwa wazi. Na watu wapite hapo kumwangalia. Sikuweza."

"Si ungeniuliza. Ningekuambia."

"Ulikuwa unalia."

"Na wewe ulikuwa unasema hapana. Mara mbili, Baba. Nilidhani kuna kitu hutaki kijulikane. Mimi nimelala nikifikiria hivyo." Akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Nilidhani wewe ndiye ulimpatia ile dawa."

Nilimwona Karani akiligeuza neno hilo, kama alivyogeuza majani kwa kiganja, na hakulitupa upande wa mabaya.

"Alinunua mwenyewe," akasema. "Mimi nilikuwa kituoni. Lakini ungeuliza hiyo, ningekujibu."

"Sasa hatutajua alikufa na nini."

"Hatutajua."

"Na hili tumbo langu?"

"Utaenda hospitali kubwa waangalie vizuri. Nitakuja na wewe. Ndani sitaingia, nitakaa kwa benchi, lakini nitakuja." Akakohoa. "Na mimi siku yangu ikifika, kama kuna kitu kitakusaidia, waambie waangalie ya chini. Lazima washone. Na watoe uzito wa sahani."

Wawira alifunika uso kwa mkono, mabega yakatikisika, na kwa sekunde kadhaa hatukujua ni kilio au ni kicheko. Nadhani hata yeye hakujua. Kisha akaushusha mkoba kutoka mapajani, akauweka mezani, kando ya sukari. Miaka yote ile sikuwahi kuuona umewekwa mahali.

Mama Njeru alikuwa amesimama mlangoni na jagi la uji. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu ukurasa gani. Aliingia, akachukua vikombe mwenyewe kwenye kabati, akamimina, akamwekea Karani chake mbele kwa nguvu hadi kikaruka kidogo.

"Vikapu vyetu vyote ulimwaga, Karani, changu mara mbili mbele ya watu," akamwambia. "Chako umekalia miaka hii yote, na mtoto anaugua. Kunywa uji, unapoa."